Wanja wa Mama Mbarka

Algiers,
18 Februari 1989

Kwa Lakhdar, ndugu yangu wa ziwa moja,

Pokea salamu zangu huko jangwani, wewe na Saliha na mtoto wenu. Naomba barua hii iwakute wazima, mgongo wako umetulia, na upepo wa Hassi Messaoud haujawajazia mchanga mpaka ndani ya unga. Ukitaka kujua hali yangu, mwili hauna neno. Meno mawili yamenitesa majira haya ya baridi. Moja nimeling'oa, la pili nikalionea huruma. Mvua imenyesha wiki nzima, na ngazi za mtaa wetu zinateleza kiasi kwamba nashuka kwenda kazini nikishika ukuta kama kikongwe. Majirani wamezoea kunicheka.

Nimesikia kwamba Amel ameanza kusimama kwa kushikilia viti. Mungu amkuze. Nimemnunulia viatu vyekundu vya ngozi, viko hapa mezani mbele yangu. Sijavituma kwa sababu sijui kama utapenda mkono wangu umfikie mwanao baada ya kusoma haya. Ukiniambia nivitume, nitavituma siku hiyo hiyo.

Hii ni barua ya tano. Nne za kwanza nilizichana kabla hazijafika nusu. Leo zimetimia siku tisini tangu tumzike Mama, na nimejiapia kwamba hii itafika posta. Nataka kukueleza habari za ile karatasi niliyokupa mlangoni pa maabara, Ramadhani ile. Tafadhali usiisome ukiwa umesimama. Kaa kitako, na kama Saliha yupo karibu, mwite akae nawe.

Naanzia mbali, unisamehe. Unajua kwamba mama aliyenizaa alipatwa na homa ya matumbo siku ya tisa baada ya kujifungua, na kwamba jirani yetu Mama Mbarka ndiye aliyevuka uchochoro na kunichukua. Wewe, mwanawe wa kumzaa, ulikuwa na miezi miwili, na kwa maelezo yake mwenyewe ulikuwa mlafi usiyejua haya. Alipenda kusimulia mbele ya wageni, ili tuaibike, kwamba ziwa la kulia lilikuwa lako na la kushoto langu, na kwamba siku aliyojaribu kutubadilisha tulipiga kelele mpaka watu wakaja kuuliza nani kafariki. Hata nilipokwisha kuwa mtu mzima mwenye shahada, aliniita kwa mzaha, “Wewe wa kushoto, njoo unisaidie kuchambua dengu.”

Unakumbuka pia wanja wake. Hakuna mtoto wa Biskra wa umri wetu ambaye hakupakwa wanja ule siku ya saba. Kokwa za tende na za zeituni zilizochomwa ndani ya chungu kilichofunikwa, lile jiwe jeusi zito ambalo mjomba wake alimletea kutoka milimani, kipande cha marijani ya pwani ya El Kala, na karafuu moja. Alitwanga kwenye kinu cha shaba tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akachekecha kwa kitambaa cha hariri mara tatu, na ole wake atakayepiga chafya karibu. Lile jiwe la kung'aa wanalouza waganga wa sokoni hakutaka hata lipite barazani kwake. Alisema, “Linang'aa kama jicho la mwizi. Mjukuu wangu sitampaka kitu kinachong'aa.” Miaka mingi baadaye nilisoma vitabuni kwamba jiwe lile ni madini ya risasi, sumu kwa watoto. Yeye alilijua bila kitabu, kutoka kwa mama yake.

Halafu akazaliwa Nejma wenu. Sitaki kukurudisha kwenye siku zile, ila lazima nipite hapo. Siku ya saba Mama alimpaka wanja, akaendelea kumpaka kila Ijumaa. Alipofika miezi minne akapatwa na degedege, na siku ya tatu hospitalini akatutoka. Yule daktari kijana aliwauliza mlimpaka nini machoni, akasema amewahi kuona watoto waliodhuriwa na risasi iliyomo kwenye wanja. Hakusema ndivyo ilivyokuwa. Alisema huenda, na damu ya mtoto ilikuwa haijapimwa. Siku tano baada ya mazishi, asubuhi, nilikukuta umekaa kwenye benchi nje ya lango la maabara, hujanyoa, umetoka Biskra kwa basi, na chupa ya wanja imefungwa ndani ya leso. Uliniambia neno moja tu, “Pima.”

Nilikuomba uniachie, uje baada ya siku tatu. Ukasema hutoki hapo bila jibu. Basi lako la kurudi lilikuwa linaondoka saa saba mchana, jua limewaka, na sote wawili tulikuwa tumefunga. Nilikuonea huruma, Lakhdar. Nataka ujue kwamba kosa la kwanza nililifanya kwa huruma, ingawa sasa haisaidii kitu.

Nikueleze kazi yetu ilivyo, maana hukuwahi kuniuliza na mimi niliona raha kuonekana mjuzi. Mashine yetu inarusha mwale wa chembe ndogo mno na kuipiga sampuli. Kila madini yakipigwa hujibu kwa eksirei yake, kila moja kwa nguvu yake: chuma kina yake, chokaa ina yake, risasi ina yake. Kinachosikiliza majibu hayo ni kipokezi, na ukitaka kukielewa, fikiria bawabu kipofu anayewatambua watu kwa uzito wa hatua zao kizingitini. Wakija mmoja mmoja, hakosei. Lakini ukiwasukuma wote kwa pamoja, wawili wakakanyaga kizingiti kwa mpigo mmoja, yeye husikia mtu mmoja mzito, na humwandika huyo mtu mmoja ambaye hayupo. Sisi tunalijua hilo tangu mwaka wa kwanza wa masomo. Ndiyo maana sampuli hupigwa kwa mwale mdogo, taratibu, na hukaa pale nusu saa au zaidi.

Mimi nilimaliza ya kwako kwa dakika nne. Niliongeza mwale mpaka ile sindano inayoonyesha kwamba kipokezi kimezidiwa ikalala kwenye wekundu. Fundi wetu Ammi Slimane, mzee aliyeanza kazi pale kabla mashine haijafungwa, alisimama nyuma yangu akaniambia, “Binti, mpunguzie. Huyu amelemewa, sasa anabahatisha tu.” Nilimjibu kwa ukali kwamba ndugu yangu yuko nje juani na saumu yake, na basi halimngojei mtu. Akainua mikono, akaenda kutawadha.

Mchoro ulipotoka ulikuwa na vilima viwili vidogo pale inapokaa risasi. Cha kwanza kilikuwa kinene kuliko kawaida. Cha pili kilikuwa kimesogea kulia, upana wa punje ya mchele. Nilikiona. Nilisema moyoni kwamba mtambo umezeeka, vipimo vyake vimehama kidogo. Nikachukua karatasi yenye mhuri, nikaandika kwamba risasi imo, nikatia sahihi, nikakuletea. Niliipa sampuli namba arobaini na moja na kufungia mabaki kabatini. Ulipokea karatasi kwa mikono miwili kama mtu anayepokea maiti ya mtoto, ukaondoka bila kuniaga, nami sikukulaumu.

Yaliyofuata nyumbani nimeyapata kwa Saliha na kwa Mama mwenyewe. Ulimwekea karatasi mapajani ukamwambia asome. Akakwambia, “Mwanangu, unajua sijui kusoma.” Ukamsomea. Akaapa kwamba jiwe la soko halijaingia nyumbani kwake. Ukamuuliza, “Basi Torkia ni mwongo?” Hapo, Saliha aliniambia, Mama alinyamaza. Angeweza kubishana na daktari, na imamu, na gavana akitaka, nilimfahamu. Lakini kubishana na mimi hakuweza. Ukachukua mkeo mkahamia jangwani, na tangu siku hiyo hukumpa hata salamu ya Idi.

Habari hazikukaa ndani. Wanawake waliokuwa wakimfuata kutoka mbali kama mji wa Tolga wakaanza kurudisha chupa. Hakuna aliyegonga mlango. Waliziweka kizingitini alfajiri wakaenda zao, na akifungua mlango anakuta chupa tatu, siku nyingine sita. Alimwaga wanja shimoni nyuma ya banda la kuku, akaziosha chupa, akazipanga dirishani zikauke, endapo wenyewe watazihitaji. Kinu alimpa mfua shaba akakiyeyushe. Yeye mwenyewe aliacha kupaka. Unamkumbuka Mama bila wanja, wewe? Mimi nilipomwona mara ya kwanza hivyo nilimpita sebuleni nikidhani ni mgeni.

Sasa sikiliza. Miezi minane baadaye, mkuu wetu, Bwana Tahar, au Si Tahar kama tunavyomwita, alinikabidhi kazi ya kutibu ugonjwa ule ule wa bawabu. Watu wengi duniani wanauhangaikia, na wapo waliotangulia. Njia tuliyoifuata ni hii: kipokezi kikisikia hatua moja tu, mwale unatupwa pembeni papo hapo, mlango unafungwa, hakuna mwingine anayeingia mpaka yule wa kwanza aandikwe. Halafu unafunguliwa tena. Hayo hufanyika mara maelfu kwa sekunde moja. Nilitumia miezi kumi na minne kwenye nyaya na vyuma vile, nikaungua vidole, nikasahau harusi ya binamu yangu. Mwezi wa Aprili mwaka themanini na saba mtambo ukakubali.

Si Tahar akasema tuujaribu kwa sampuli mbaya kuliko zote tulizo nazo, zile zilizokizidi nguvu kipokezi. Nikafungua daftari la miaka ya nyuma, nikatafuta mahali sindano ilipolala kwenye wekundu. Ilikuwa moja tu. Arobaini na moja. Nilitoa kile kichupa kabatini, na wallahi, Lakhdar, sikusita. Nilikuwa na haraka ya kuona mtambo wangu ukifanya kazi.

Mchoro wa pili ulikuwa tambarare pale vilipokuwa vile vilima viwili. Chuma kilikuwepo, kingi, kutoka kwenye jiwe la mjomba. Chokaa ilikuwepo, kutoka kwenye marijani. Pale pa risasi hapakuwa na kitu. Chuma na chokaa vikikanyaga kizingiti pamoja, uzito wao ni kama wa risasi. Chuma kwa chuma vikikanyaga pamoja, vinakaribia alama ya pili ya risasi, ila vinapita kidogo, upana wa punje ya mchele. Nilirudia mara kumi na moja. Nilipima kwa mwale mdogo, nikaacha saa nne nzima. Nikapeleka unga kidogo kwa watu wanaopima kwa dawa na maji, bila mashine yoyote ya kwetu. Jibu lilikuwa lile lile.

Mama hakuweka jiwe la soko. Hakuna risasi kwenye wanja wake, haijawahi kuwepo. Sijui ni nini kilichomchukua Nejma, wala sitajidai kujua. Nilimuuliza daktari mmoja mzee, akasema degedege na homa ya namna ile huenda ulikuwa ugonjwa wa utando wa ubongo, lakini hata yeye alisema huenda, na mimi neno hilo nimelichoka. Ninachokijua ni kwamba si bibi yake.

Ningeishia hapa, ungesema Torkia alikosea kwa haraka, binadamu hukosea. Hata mimi nilijaribu kuishia hapa katika zile barua nne. Ila bado.

Si Tahar alipoona michoro miwili ubavu kwa ubavu alinipigia makofi, akasema, “Umeua mashetani, binti!” Hakuuliza sampuli ni ya nani, kwake ilikuwa namba. Oktoba ile tulikwenda Tunis kwenye mkutano, na nikaweka michoro ile ukutani mbele ya watu mia mbili, mmoja juu ya mwingine: wa juu una vilima, wa chini hauna. Watu wakapiga makofi. Bwana mmoja akainua mkono akauliza sampuli hii nzuri kwa mfano ni kitu gani. Nikamjibu kwamba ni kipodozi cha kienyeji. Hivyo ndivyo nilivyomtambulisha Mama Mbarka kwa walimwengu. Niliporudi nikapandishwa cheo, nikapewa chumba chenye dirisha la kuangalia bahari.

Nilijiambia nitakwenda Biskra wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi ujao. Niliogopa jina langu, niliogopa ile karatasi yenye mhuri, na zaidi ya yote nilikuogopa wewe. Nilihesabu ulichopoteza kwa ajili ya dakika nne zangu, nikaona sina uso wa kukutazama.

Machi ya mwaka jana nikajikaza, nikaenda. Michoro yote miwili ilikuwa ndani ya mkoba. Mama alikuwa amekonda, lakini alinipikia dobara, akamimina mafuta ya zeituni mpaka maharage yakazama, akanitania kwamba Algiers inanikausha kama samaki wa chumvi na kwamba nisipoangalia atanizika bila mume. Tulicheka. Nikasema moyoni, akimaliza kucheka namwambia. Nikaingiza mkono mkobani.

Yeye akanitangulia. Akasema, “Torkia, kuna jambo nilitaka kukwambia siku nyingi. Namshukuru Mungu kwamba ni wewe uliyelijua. Angekuwa daktari, ningemfukuza kwa ufagio nikaendelea kupaka watoto wa watu, nikaua na wengine. Lakini wewe umekua kwa maziwa yangu. Wewe hukunisingizia.” Nilibaki na mkono ndani ya mkoba. Akaipangusa meza pale ilipokuwa safi tayari. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hatanunua, “Na hiyo mashine yenu, haijapata kukosea hata siku moja?”

Lakhdar, nilikuwa nimeshajua kwa miezi kumi na moja. Karatasi zilikuwa zinagusa vidole vyangu. Nilimjibu, “Haikosei, mama.”

Akatikisa kichwa taratibu. Akasema, “Basi. Ukimwona Lakhdar, mwambie nimekubali. Asiendelee kuumia akidhani nambishia.” Kisha akaniambia nile, dobara inapoa. Nikala. Nilikula sahani nzima mbele yake.

Ujumbe huo alinipa nikufikishie, nami nimekaa nao karibu mwaka mzima. Hata siku ya mazishi, ulipofika umechelewa na lori la kampuni, ukatupa udongo wako, ukakataa kuingia ndani, nilisimama hatua kumi kutoka kwako nikanyamaza. Wanawake waliomwosha waliuliza kama kuna wanja nyumbani, wampake kama wazee wetu walivyozoea. Wote walinitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyesema una sumu. Nikatazama chini, naye akaenda kaburini na macho yasiyopakwa.

Hilo ndilo nililotaka kukwambia. Kukosea nilikosea mchana wa Ramadhani, kwa haraka. Kumdanganya nilimdanganya nikiwa nimeshiba chakula chake, na nilikuwa na nafasi. Alikufa akiamini kwamba alimuua mjukuu wake, na alikuwa radhi kuamini kwa sababu ni mimi niliyesema. Sikuombi msamaha. Aliyekuwa na haki ya kuutoa amekwenda, na badala ya kunilaani alinishukuru.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi mbili. Ziweke moja juu ya nyingine uzinyanyue dirishani, utaona mwenyewe, huhitaji shahada. Ya tatu ni barua yenye mhuri ule ule, nimeandika kwamba jibu la mwaka themanini na tano lilikuwa kosa langu, na Si Tahar ametia sahihi juma lililopita baada ya kunisikiliza mpaka mwisho bila kunitazama. Chumba chenye dirisha nimekirudisha. Alhamisi ijayo ninakwenda Biskra, na nitapita mlango kwa mlango kwa wale wanawake waliorudisha chupa. Ammi Slimane amesema atanisindikiza, maana yeye, asema, alinionya mara moja tu na ilimpasa kunionya mara mbili. Lakini wewe ulikuwa na haki ya kusikia kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kuna na kifurushi kidogo cha karatasi ya nailoni. Ni mabaki ya arobaini na moja, ujazo wa ncha ya kidole. Ni wanja wa mwisho wa mkono wake uliobaki duniani. Mwingine wote aliumwaga shimoni. Nilifikiri kuupeleka kaburini, nikaona si mali yangu. Ufanye utakalo. Amel hajapakwa tangu azaliwe, najua uliapa. Nakwambia tu kwamba nimeupima mara kumi na moja na ni safi.

Nisalimie Saliha, mwambie sijasahau kilio chake. Mbusu Amel kwenye paji la uso, hata kama hutamwambia busu limetoka kwa nani. Mungu akupe subira ya haya niliyokubebesha, na akulinde na joto na moto wa visima vile vya mafuta. Usipojibu nitaelewa, na sitaacha kukuulizia kwa wanaotoka huko.

Mama alisema nikwambie amekubali. Nami nakwambia hapakuwa na kitu cha kukubali.

Ni mimi, wa kushoto,
Torkia